MITA YA STIMA SI MWENYE NYUMBA



Leo sikuletei neno la kukurusha. Ni neno la kukukalisha chini. Ni refu. Soma nusu sasa, nusu nyingine ukiwa kwa matatu, lakini tafadhali usisambaze kabla hujamaliza.

Wiki hii nimetumiwa vitu vitatu kwa simu.

Cha kwanza ni klipu kutoka kwa kijana wetu mmoja wa chuo. Ndani yake msomi anaonyesha picha ya ubongo yenye madoa mekundu na manjano, anatabasamu, anasema hapo ndipo Mungu wenu anapoishi, ni shughuli ya kichwani tu. Kijana ameniandikia maneno manne: "Pasta, sasa tunaomba nani?"

Cha pili ni klipu ya mhubiri mwenzangu, simtaji. Naye ameinua picha ya aina hiyo hiyo, anapaza sauti kwamba sayansi imethibitisha kunena kwa lugha, mwenye shaka anyamaze. Chini yake watu wamejaza AMINA.

Cha tatu ndicho kimeninyima usingizi. Ni ujumbe uliotumwa kwenye kundi la familia ya ndugu yetu mmoja. Mnamjua. Alianguka na boda boda, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, na sasa yuko nyumbani. Anafungua macho, haongei, hafuati mkono wako ukimwambia aufuate. Ujumbe unasema: "Skani ilionyesha hakuna kitu. Roho ilishaondoka. Kilicholala hapo ni ganda. Mama aache kujichosha." Mke wake alinitumia ujumbe huo bila kuongeza hata neno moja. Ameniruhusu kuandika haya bila kutaja jina.

Mpendwa, hao watatu hawawezi kukaa meza moja. Wa kwanza anamcheka Mungu, wa pili anamtangaza, wa tatu anamzika mtu aliye hai. Lakini nakuambia wote watatu wana kosa MOJA. Wameona alama kwenye picha wakadhani wamemwona mtu mwenyewe.

Na kabla hujaniambia "wahubirie, Pasta", ngoja. Mimi nimo.

Miaka michache iliyopita nilisimama madhabahuni na picha kama hiyo kwenye skrini. Nilisema, "Wanasayansi wamempata Roho Mtakatifu akifanya kazi!" Kanisa lilisimama. Baada ya ibada dada mmoja anayefanya kazi ya kupiga picha za hospitali alinivuta kando, akaniambia kwa upole, "Pasta, ile picha haisemi ulichosema." Nilikasirika. Nilimwona kama mtu wa imani ndogo. Ilinichukua muda mrefu kwenda kusoma, na nilipomaliza kusoma nilirudi kumwomba msamaha.

Basi nikueleze nilichojifunza.

PICHA ILE NI YA NINI HASA?

Wengi tunadhani mashine inapiga picha ya mawazo kama simu inavyopiga picha ya uso. Sivyo. Katika uchunguzi wa MRI unaofuatilia kazi ya ubongo, kinachoangaliwa ni DAMU. Mwaka 1990 Mjapani Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hazifanani mbele ya sumaku yenye nguvu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi zaidi, mwili huipelekea damu mpya, tena nyingi kuliko inavyotumia. Mashine hunasa badiliko hilo. Mara nyingi ni badiliko dogo sana, asilimia 1 au zaidi kidogo.

Angalia mwendo wake. Seli ya neva hutoa ishara yake kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Damu hufika kilele chake sekunde 5 au 6 baadaye. Wazo limeshapita, umeshafikiria lingine na lingine, ndipo damu ya lile la kwanza inajaa.

Angalia na ukubwa wake. Nukta moja ya picha hiyo ni kama kijisanduku cha milimita 3 kila upande. Ndani yake mna malaki ya seli za neva. Nyingine zinachochea, nyingine zinazuia. Picha inazijumlisha zote kuwa doa moja.

Je, damu hiyo ina uhusiano wa kweli na kazi ya seli? Ndiyo, unao. Sitaki mtu aondoke hapa akisema pasta amesema MRI ni uongo. Mwaka 2001 Nikos Logothetis na wenzake kule Ujerumani walipima ubongo wa tumbili kwa waya mwembamba na kwa mashine wakati mmoja. Walikuta ishara ya damu inafuata kazi ya seli, hasa kazi ya kupokea na kuchakata habari zinazoingia mahali pale, kuliko habari ambazo seli zinatuma nje. Kwa hiyo ni ishara ya kweli, lakini ya mkono wa pili.

Na zile rangi? Ubongo hauna doa jekundu. Kompyuta inalinganisha hali mbili, tuseme unaimba na unaomba, inafanya hesabu kwa kila nukta, kisha inapaka rangi pale tofauti ilipopita kiwango kilichowekwa na mtafiti. Pasipo na rangi si kwamba pamelala. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wako, lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yako hata ukiwa umekaa tu. Unachoonyeshwa ni TOFAUTI. Kazi yote iliyobaki haimo kwenye picha.

Ndiyo maana nasema mita ya stima. Simama nje ya nyumba ya jirani uangalie mita. Utajua stima inatumika. Hutajua kama anapiga pasi nguo za kanisani, anachemsha maji, au amesahau taa. Mita haidanganyi, lakini mita si mwenye nyumba. Na mita ikitulia usiku, usiagize jeneza.

SAMAKI ALIYEKUFA

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Craig Bennett na wenzake, waliweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine ya MRI. Samaki huyo alikuwa AMEKUFA. Wakamwonyesha picha za watu, wakamwuliza watu wale wanahisi nini. Kisha wakafanya hesabu bila masahihisho yanayotakiwa, na nukta kadhaa katika ubongo wa samaki "zikawaka". Walipofanya hesabu kwa usahihi, nukta zikatoweka. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza, kisha unafikirisha.

Iliwezekanaje? Jaza uwanja wa Kasarani watu 60,000. Kila mmoja arushe shilingi ishirini mara kumi. Kwa bahati tu, watu karibu 59 watapata upande wa ndovu mara zote kumi. Sasa mtu asiyejua hesabu atawachukua hao 59, atawapandisha jukwaani, atawaita manabii wa ndovu. Ubongo uliogawanywa katika nukta maelfu kwa maelfu ni kama Kasarani hiyo. Bila uangalifu, bahati itavaa kanzu.

Watafiti wenyewe ndio waliotoa onyo hilo, wakajicheka hadharani. Sisi wa madhabahu ni lini tulimtoa samaki wetu aliyekufa tukamwonyesha kanisa?

KWAKO KIJANA WANGU WA CHUO

Umeuliza tunaomba nani. Nitakujibu.

Mama yako akiingia mlangoni, kuna sehemu za ubongo wako zitabadilika, na mashine inaweza kuliona badiliko hilo. Je, mama yako sasa ni shughuli ya kichwani tu? Nani alikupikia chai? Kila unachokijua, kiwe cha kweli au cha ndoto, kinapita kwenye ubongo. Kwa hiyo picha ya ubongo wa mtu anayeomba inaonyesha kwamba mtu ANAOMBA. Haiwezi kukuambia kama kuna anayesikia. Hilo liko nje ya chumba cha mashine.

Tena jua hili. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch alibishana na mwanafalsafa David Chalmers. Koch alisema ndani ya miaka 25 tutakuwa tumeonyesha wazi ni alama gani ndani ya ubongo inayobeba fahamu. Walibishania mvinyo, mimi hapo sikuwepo! Mwaka 2023, huko New York, Koch alikubali hadharani kwamba ameshindwa, akalipa deni lake. Picha nyingi zimepigwa katika miaka hiyo 25, na bado hakuna anayeweza kueleza kwa nini damu na seli zinaambatana na mtu aliye ndani anayehisi.

Lakini kijana, usikimbie na hilo ukapige makofi, "Sayansi imeshindwa, basi Mungu yupo!" Hapana. Koch anaweza kusema kesho amepata jibu, na imani yako itaanguka naye. Usiweke Mungu kwenye shimo ambalo watu bado wanalichimba. Wewe hukuokoka kwa sababu ya shimo. Soma Waebrania 11 polepole, uone imani imesimama juu ya nini.

KWAKO MHUBIRI MWENZANGU

Najua picha unayoipenda, maana niliipenda pia. Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti wa watu wanaonena kwa lugha. Waliwadunga dawa yenye mnururisho kidogo inayofuata mtiririko wa damu, wakalinganisha wakati wa kuimba nyimbo za injili na wakati wa kunena. Wakati wa kunena, kazi ya sehemu za mbele za ubongo ilipungua. Sehemu hizo zinahusika na kujiongoza kwa makusudi.

Nilipoisoma niliruka. Nikafungua 1 Wakorintho 14:14, Paulo anapoeleza kwamba katika kuomba kwa lugha ni roho yake inayoomba na akili haizai matunda. Nikasema, tazama, Paulo alijua MRI! (Wala haikuwa MRI.)

Sasa hesabu nami. Waliopimwa walikuwa wanawake WATANO. Watano, ndugu yangu. Hata kamati ya harambee ina watu zaidi. Na mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun waliwapima wapiga piano sita wa jazi wakicheza bila kufuata noti. Nako sehemu fulani za mbele zilipungua kazi. Tuseme nini? Kwamba jazi ni Roho Mtakatifu? Au kesho ukipimwa wewe na damu ya mbele ikaongezeka, tutasema Roho amekuacha?

Mimi nanena kwa lugha. Nilinena leo alfajiri. Siamini kwa sababu ya damu ya wanawake watano wa Marekani, na siwezi kuwaambia kondoo wa Bwana kwamba imethibitishwa wakati haijathibitishwa. Amri ya kutoshuhudia uongo haina kifungu kinachosema isipokuwa kwa faida ya huduma. Ukimtetea Mungu kwa uongo, kijana atakapogundua hataiacha klipu yako tu. Atatuacha sisi sote.

KWAKO ULIYEANDIKA UJUMBE ULE

Hapa sauti yangu inashuka, maana sasa tunazungumza juu ya mtu.

Kwanza, skani ambayo ndugu yetu alipigwa ni CT. Nimemwuliza mke wake, nimeiona bahasha. CT inaonyesha umbo: mfupa uliovunjika, damu iliyovuja, uvimbe. Ni muhimu sana, ndiyo iliyosaidia madaktari kuokoa uhai wake. Lakini haikupima kazi ya ubongo hata kidogo. Kwa hiyo hakuna skani yoyote "iliyoonyesha hakuna kitu". Maneno hayo yalizaliwa kwenye korido, yakakulia kwenye WhatsApp.

Pili, sikiliza. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake kule Cambridge, Uingereza, walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani. Macho yalifunguka, lakini hakujibu chochote kitandani. Walimweka kwenye MRI inayofuatilia kazi ya ubongo, wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Kisha: fikiria unatembea ndani ya nyumba yako, chumba kwa chumba. Sehemu zilizobadilika zilikuwa zile zile zinazobadilika kwa watu wazima wa afya wakiambiwa hivyo. Alikuwa anasikia. Alikuwa anaelewa. Alikuwa anatii, na hakuna aliyemwona akitii.

Mwaka 2010 timu za Cambridge na Liège, Ubelgiji, zilitoa matokeo ya wagonjwa 54. Watano waliweza kubadilisha ishara ya ubongo walipoagizwa. Mmoja wao alitumia tenisi kwa "ndiyo" na nyumba kwa "hapana", au kinyume chake, akajibu sawasawa maswali matano kati ya sita kuhusu maisha yake.

Na mwaka 2024 ulitoka utafiti mkubwa zaidi. Kati ya wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha kwa macho kufuata agizo lolote, 60 walionyesha kwa MRI au kwa mawimbi ya umeme ya ubongo kwamba wanalifuata. Ni mmoja kati ya wanne.

Sasa tega sikio hapa, maana ndipo penye funzo. Katika utafiti huo huo walikuwapo wagonjwa 112 ambao WALIONEKANA wakifuata maagizo kitandani. Walipopimwa kwa mashine, ni 43 tu walioonekana. Waliobaki 69, watu ambao daktari aliwaona kwa macho yake wakitii, mashine haikuwaona.

Umeelewa? Mita ikisoma, kuna mtu. Mita ISIPOSOMA, bado huwezi kusema nyumba ni tupu. Wewe uliandika "ganda" bila hata mita.

Sisemi ndugu yetu anasikia. Sijui. Sisemi atainuka, sitamwuzia mke wake ahadi ambayo Bwana hakunipa. Wala sisemi tuwapinge madaktari. Kuna hali nyingine inayoitwa kifo cha ubongo, ambapo ubongo wote umezimika usirudi tena, na madaktari wana vipimo vyake vya kitandani. Daktari akikuambia hilo, mwulize maswali yako yote kwa heshima, kisha umsikilize. Hiyo siyo hali ya ndugu yetu. Anapumua mwenyewe. Analala na kuamka.

Na sasa kosa langu la pili. Siku ya nne pale hospitalini tulisimama wanaume watano kando ya kitanda. Mzee mmoja akauliza pikipiki itauzwa kiasi gani. Mwingine akauliza kama shamba la nyumbani lina nafasi ya kaburi. Mimi, mchungaji wake niliyembatiza, nilikuwa nimesimama karibu na kichwa chake, na sikumnyamazisha mtu. Nilisema, "Tutapanga kamati." Kisha nikafunga macho nikamwombea.

Kama alisikia sala, alisikia na bei ya pikipiki.

Nimelibeba hilo. Jumamosi nilienda nyumbani kwake, nikaketi, nikamwita kwa jina, nikamwomba msamaha kwa sauti, mke wake akiwa pale. Hakujibu. Sikwenda kutafuta jibu. Katika 1 Samweli 16 hata nabii mkubwa alihukumu kwa kuangalia umbo, na Bwana akamsahihisha. Sisi ni nani?

BASI TUFANYE HIVI

1. Kando ya kitanda cha yeyote asiyejibu, sema kama anasikia. Mwite kwa jina. Mwambie wewe ni nani, leo ni siku gani, unamgusa wapi kabla hujamgusa. Habari za bili, mazishi na mali zisemwe nje.

2. Usiseme "roho imeondoka" juu ya mtu anayepumua. Hukupewa kipimo hicho.

3. Ukitumiwa picha ya ubongo yenye rangi, uliza: ni kipimo gani? Watu wangapi? Walilinganisha nini na nini? Ukikosa majibu, usisambaze, hata kama inasifu kanisa. HASA kama inasifu kanisa.

4. Mke wa ndugu yetu anamgeuza mume wake kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, peke yake. Tangu aondoke hospitalini, wengi wetu tumemtumia vibandiko vya maua. Hahitaji maua. Anahitaji mtu wa kumshikia zamu ili alale.

Tuombe.

Baba, tusamehe tuliotumia jina lako kuuza picha. Mshike kijana wetu anayeuliza, usimwache aaibike kwa kuuliza. Wape wenye mashine uaminifu, na wenye mimbari uaminifu zaidi. Na ndugu yetu aliyelala, wewe unayemjua kabla ya skani na baada ya skani, kaa naye mahali ambapo sauti zetu hazijui kama zinafika. Katika jina la Yesu.

Leo usiandike AMINA peke yake. Andika AMINA na siku utakayokwenda kushika zamu. Mama mchungaji anapanga orodha. Mimi nimechukua usiku wa Jumanne.

Barikiwa.